Kivu: Mlima ukianguka ndipo habari za mazingira zinaanza kuandikwa

Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023 ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, jimbo la Kivu ya Kusini. Watu walikuwa wamekusanyika kuuza na kununua kama kila Alhamisi. Mvua ilinyesha huko juu milimani, mito ikateremsha matope, miti na mawe makubwa, na katika muda mfupi sehemu kubwa ya Nyamukubi na ya Bushushu, kijiji jirani, ilikuwa haipo tena.

Siku ya pili yake habari za mtandao zilisema: wafu 176. Jumamosi ikawa 203. Jumapili 394. Jumatatu tarehe 8, siku ya maombolezo ya kitaifa, hesabu ilifika 401, na siku zilizofuata ikapita 430. Maelfu ya wengine walitangazwa kuwa hawaonekani. Kila hesabu mpya ilikuwa kichwa kipya cha habari, na kila kichwa kipya kilizunguka katika grupu za WhatsApp.

Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na ilifanywa katika hali ngumu: barabara imekatika, mtandao haushiki vizuri, maiti ziko mbele ya macho. Hakuna wa kuwalaumu waliohesabu. Lakini anayezisoma leo habari za juma lile, moja baada ya nyingine, anaona kitu. Ni wangapi wamekufa, nani amekuja kutoa pole, nani ameleta majeneza, nani ameleta unga na mablanketi, nani analalamika kwamba watu wamezikwa katika makaburi ya pamoja bila heshima. Swali la kwa nini mlima ule ulianguka, na kwa nini watu wengi hivyo walikuwa wanakaa chini yake, linakuja katika fungu la mwisho, mstari mmoja au miwili, kisha habari imekwisha.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi 2014 mvua kubwa ilipiga Kalehe hiyohiyo: nyumba zaidi ya 700 ziliharibika, na watu zaidi ya 130 walitangazwa kuwa hawaonekani, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Kati ya mvua ile na hii kuna karibu miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa nyumba zilijengwa tena karibu na mito, mashamba ya muhogo yalipanda juu zaidi, na miti iliyokuwa inashika udongo ilishuka kwenda kuwa mbao na makala. Hayo yote yalitokea mchana, watu wakitazama. Habari yake ilikuwepo kila siku, ila haikuwa na maiti, kwa hiyo haikuwa na haraka.

Hapo ndipo ugonjwa wa habari za mazingira katika vyombo vya mtandao vya mashariki mwa Kongo ulipo. Si kwamba haziandikwi. Zinaandikwa nyingi, ila zinakuja pamoja na mafuriko na zinaondoka pamoja nayo.

Habari inavyotengenezwa

Ili kuelewa, ni lazima kutazama namna habari moja ya mtandao inavyozaliwa. Kurasa nyingi za habari za Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Uvira na Bunia ni vyombo vidogo: wahariri wachache mjini, na waandishi wa huku na kule wilayani ambao wengi wao wanafanya pia kazi katika redio ya kijijini. Mwandishi wa wilayani anasikia jambo, anapigia simu rais wa mashirika ya raia, anapigia msimamizi wa wilaya au chifu, kisha anatuma sauti kwa WhatsApp. Mhariri anaandika mafungu matano au sita kwa Kifaransa, anatia picha, anachapisha. Kazi yote inaweza kwisha kwa saa moja.

Njia hiyo inafaa sana kwa habari ya shambulio, ajali au mtumbwi uliozama. Haifai kwa mlima unaochukua miaka kumi kuvuliwa nguo. Hakuna rais wa mashirika ya raia anayepiga simu asubuhi kusema kwamba leo miti mitatu imekatwa juu ya Bushushu.

Halafu kuna pesa. Mwandishi wa wilayani mara nyingi hana mshahara wa kueleweka. Anayemwita ndiye anayemlipia pikipiki, na wote wanaofanya kazi hii Kongo wanajua neno kupaji, ile bahasha ya mwisho wa mkutano. Kwa hiyo habari ya mazingira inayopata nafasi kirahisi, nje ya siku za mafuriko, ni ile yenye mwenye kulipa usafiri: semina katika hoteli, shirika linalofungua mradi, mkuu fulani anayepanda mti tarehe 5 mwezi wa sita, siku ya mazingira duniani, au tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, siku ya mti katika Kongo. Picha inajulikana hata kabla haijapigwa. Mkuu amevaa buti mpya, ameshika kamche kamoja, watu watano nyuma yake wanapiga makofi.

Miti hiyo huandikwa siku inapopandwa. Ni nadra sana mtu kurudi baada ya miaka miwili kuhesabu iliyobaki hai, na wakati mwingine ni mbuzi ndio wanaoijua hesabu hiyo.

Kusema hivyo si kusema kwamba kila mradi ni uongo. Mfano uko Kivu ya Kaskazini: tangu 2007 shirika la WWF na vyama vya wakulima walianza mradi unaoitwa EcoMakala, wa kupanda miti inayokomaa haraka katika mashamba ya watu ili Goma ipate makala bila kuingia Virunga. Ni habari ya kweli yenye maswali ya kweli: gunia linalotoka katika shamba la mkulima linapambana vipi sokoni na gunia la mbugani ambalo mchomaji wake hakununua mti? Mkulima mwenye njaa anangoja mti ukomae miaka mingapi? Maswali hayo yanahitaji mwandishi aende mara tatu, nne, na hakuna bahasha kwa safari ya nne.

Neno linalofunika yote

Katika fungu la mwisho la habari za mafuriko, siku hizi kuna maneno mawili yanayojirudia: mabadiliko ya tabianchi. Mbunge anayasema, waziri anayasema, msimamizi wa wilaya anayasema, na mwandishi anayaandika bila kuuliza zaidi. Ni maneno mazuri kwa mkuu yeyote, maana hayamtaji mtu wa Kongo. Anga halina anwani.

Baada ya Kalehe, kundi la wanasayansi linaloitwa World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kupima kama joto la dunia limeongeza nguvu ya mvua au ukame fulani, lilichunguza mvua za mwanzo wa mwezi wa tano 2023 kuzunguka ziwa Kivu. Mvua hizo zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130 upande wa Rwanda pia, siku mbili kabla ya Kalehe. Jibu lao, lililotoka mwishoni mwa mwezi wa sita, halikuwa ndiyo wala hapana. Walisema vipimo vya mvua vya eneo hili ni vichache mno na havikubaliani, kwa hiyo haiwezekani kusema mabadiliko ya tabianchi yalichangia kiasi gani. Walichokiona wazi ni umaskini, vita, na watu wanaokaa mahali pa hatari kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Kwa msomaji wa Kivu hiyo ni habari kubwa kuliko ndiyo. Ina maana kwamba katika nchi ambayo kisheria ina idara ya hali ya hewa, METTELSAT, mvua inaweza kuzika soko zima na vipimo vya kutosha vya kueleza mvua hiyo visipatikane. Ina maana pia kwamba hakuna kipimo cha kumwambia mama wa Nyamukubi saa tisa mchana: leo usilale hapa. Lakini ripoti ile ilitoka kwa Kiingereza, karibu miezi miwili baada ya maziko, wakati kurasa za mtandao zilikuwa zimeshahamia kwenye vita na kwenye uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili.

Tusieleweke vibaya. Joto la dunia linapanda, na wakulima wa Masisi na Walungu wanaona misimu ya mvua imevurugika. Kosa ni kulitumia neno hilo kama kifuniko cha chungu. Chini ya kifuniko kuna maswali yenye majina: nani aliruhusu kujenga kando ya mto baada ya 2014? Nani anakata miti juu, na nani anamtoza kodi? Pesa zilizoahidiwa wakati wa maombolezo zilifika wapi?

Usiku wa volkano

Goma ina historia yake yenyewe. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Jumamosi jioni, anga la upande wa Nyiragongo liligeuka jekundu. Wengi walijua volkano imepasuka kwa macho yao na kwa video za simu, kabla ya mkuu yeyote kusema neno. Lava iliteremka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliungua. Waliokumbuka mwezi wa kwanza 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, hawakungoja tangazo. Walibeba watoto na kuelekea Gisenyi na Sake usiku ule ule.

Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa katika shida kubwa. Msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata pesa ya intaneti ya kuleta vipimo kutoka mlimani. Jambo hilo lilijulikana sana baada ya Nyiragongo kupasuka. Mishahara ya wafanyakazi wa OVG na ugomvi wa ndani ulikuwa umeandikwa mbele, lakini kama habari ya ofisi, ya wafanyakazi wanaodai haki yao. Haikusomwa kama habari ya usalama wa mji mzima, ingawa ndivyo ilivyokuwa.

Siku tano baadaye, Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 za Goma zihame, kwa kuhofia moto ulio chini ya mji na chini ya ziwa. Watu karibu 400,000 waliondoka. Hapo habari za mtandao zilionyesha uzuri wake na ubaya wake kwa pamoja. Kurasa kadhaa zilifanya kazi ya msaada mkubwa: njia gani iko wazi, boti gani inaondoka, mtoto gani amepotea na yuko wapi. Nyingine zilibeba uvumi bila kuupima.

Hata serikali yenyewe ilianguka. Jumamosi tarehe 29 ilitangazwa kwamba mlima mwingine, Murara, karibu na Nyamulagira, nao umepasuka. Tangazo lilienda haraka kuliko gari. Saa chache baadaye lilikanushwa: ndege ilipita juu na kuona kwamba ule moshi ulikuwa wa watu wanaochoma makala.

Watu wengi wa Goma walicheka, kicheko cha uchungu. Lakini hapo hapo palikuwa na habari nyingine iliyokosa mwandishi. Mji umehamishwa, serikali iko macho usiku na mchana, ndege inaruka kutafuta volkano, na katika eneo lile watu wanachoma makala kwa wingi kiasi kwamba moshi unadhaniwa ni mlima umepasuka. Kanusho lilichapishwa, mambo yakaisha.

Makala ya makala

Kwa Waswahili wa pwani makala ni maandishi ya gazetini. Kwa mtu wa Goma au Bukavu makala ni kile kinachowaka katika mbabula. Pengine ndiyo sababu hakuna neno linaloingiza mambo yote ya Kivu katika gunia moja vizuri kama hilo.

Mbuga ya taifa ya Virunga ilianzishwa 1925, ndiyo ya kwanza Afrika, na ina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 7,800. Sehemu kubwa ya makala yanayopikia sombe na maharagi Goma imetoka humo kwa miaka mingi. Ripoti za wataalam wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi jinsi vikundi vyenye silaha, FDLR wakiwa mbele, walivyopata pesa kwa kutoza wachomaji na wabebaji. Mwezi wa saba 2007 sokwe wa milimani waliuawa kwa risasi katika eneo la Bukima, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara hiyohiyo ya makala. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka yote. Siku moja tu, tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 walikufa pamoja na dereva na raia wanne.

Habari za mauaji hayo zimeandikwa zote. Ziliandikwa chini ya kichwa cha usalama. Na hapo mwandishi wa mazingira anapoteza habari yake bila kujua: shambulio linahesabiwa, biashara inayolilisha shambulio inabaki nje. Gunia linapita vizuizi vingapi mpaka Goma? Kila kizuizi kinachukua franka ngapi? Mama anayenunua kopo moja asubuhi analipa sehemu gani ya kodi hiyo? Hilo si jambo la kisomi. Ni bei ya chakula cha jioni.

Ni vilevile kwa kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma kuanzia mwisho wa 2022 mpaka mwanzo wa 2025. Mamia ya maelfu ya watu walikaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, bila kuni. Wanawake waliingia mbugani kutafuta, na Madaktari Wasio na Mipaka walitoa sauti mwaka 2023 kwamba wengi wao walibakwa huko. Kurasa za mtandao ziliandika ubakaji, nyingine ziliandika ukataji wa miti, kana kwamba ni habari mbili. Wakati mwingine mwanamke yuleyule aliitwa mwathirika Jumatatu na mharibifu wa msitu Ijumaa.

Sauti ya nani

Katika habari za mbuga kuna tabia nyingine, ya kuandika kutokana na tangazo lililoletwa tayari. Kahuzi-Biega ni mfano mzuri. Mbuga iliundwa 1970 na kupanuliwa 1975, na Watwa waliokuwa wanaishi humo walifukuzwa bila kupewa ardhi ya kutosha mahali pengine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu. Tangu hapo habari zimekuja kwa mawimbi mawili. Likija tangazo la mbuga, msomaji anasoma juu ya Watwa wanaokata miti na kuchoma makala. Ikija ripoti ya shirika la haki za binadamu, anasoma juu ya Watwa wanaouawa na kuchomewa vijiji. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi kwamba Kongo ilivunja haki za Watwa hao. Ni uamuzi mzito, unaohusu namna ya kulinda misitu katika bara zima. Wenyewe Watwa, katika mawimbi yote mawili, huonekana zaidi katika picha kuliko katika maneno.

Sokwe wana bahati zaidi. Ndakasi, yatima wa mauaji ya 2007, alipokufa mwezi wa tisa 2021 mikononi mwa mlinzi aliyemlea, dunia nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Lakini mhariri wa Goma anayetazama ni habari ipi imesomwa zaidi nje ya nchi anajifunza somo baya: kwamba mazingira ni sokwe, na watu wanaokaa kando ya sokwe ni siasa.

Ruzizi na umeme

Kuna mahali ambapo mambo yameenda vizuri zaidi. Bukavu, takataka za vilimani huteremka na mvua mpaka ziwani, na maji yanazisukuma mpaka kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na mifuko ya plastiki, ile inayoitwa sashe, huziba mitambo. Kampuni ya umeme SNEL hulazimika kusimamisha mashine kusafisha, na mji unaingia gizani. Vyombo vya mtandao vya Bukavu vimeandika jambo hili mara nyingi, kwa subira, mwaka baada ya mwaka. Vimeonyesha wapiga mbizi wanaotoa takataka kwa mikono, vijana wanaogeuza chupa kuwa viti na vikapu, na barabara zisizo na hata pipa moja la takataka.

Kwa nini hapa vimeweza? Kwa sababu umeme ukikatika kila mtu anauliza, na jibu liko karibu, mtu anaweza kwenda kwa mguu kulipiga picha. Sababu na matokeo viko katika mji mmoja. Hata hivyo swali moja huachwa. Tangu tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2017 kuna amri ya serikali inayokataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko hiyo ya plastiki. Mwandishi aliyesimama darajani kupiga picha ya takataka angeweza kuvuka barabara, kununua nyanya mia tano, kutazama zimetiwa ndani ya nini, na kufuata njia ya mfuko huo mpaka mpakani.

Uvira inangoja kazi ya namna hiyo. Mto Mulongwe ulifurika mwezi wa nne 2020 na kuua makumi ya watu, na ziwa Tanganyika limepanda na kuingia katika nyumba, hasa 2021 na 2024. Maji ya ziwa hilo yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, mamia ya kilometa kusini. Yaani mtu wa Kalundu anayekaa ndani ya maji ana shida ambayo sehemu ya maelezo yake iko Tanganyika, jimbo jingine, na nyingine iko Burundi, Tanzania na Zambia, kunakotoka mito na kunakofikia ziwa. Ukurasa wa habari wa Uvira hauna pesa ya kumtuma mtu Kalemie. Lakini Kalemie kuna waandishi, na WhatsApp inayobeba uvumi inaweza pia kubeba kazi ya watu wawili.

Vita na lugha

Tangu M23 ichukue Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, yote haya yamekuwa magumu mara mbili. Waandishi wengi wamekimbia, redio za vijijini zimenyamaza au zimeporwa, na picha ya lori la mbao inaweza kusomwa na mwenye bunduki kama upelelezi. Hata mbele ya hapo, kuandika nani anatoza makala ilikuwa ni kuandika jina la mtu anayejua unakolala. Anayewahukumu waandishi wa Kivu bila kuliweka hilo mezani anawaonea.

Lugha haina sababu hiyo. Habari nyingi za mazingira zinaandikwa kwa Kifaransa, na zile bora kabisa, zinazolipiwa na mifuko ya kimataifa kama ule wa Pulitzer Center kwa misitu ya mvua, mara nyingi zinasomwa kwa Kifaransa na Kiingereza tu. Mkaaji wa Nyamukubi anapata kichwa cha habari, kwa sababu hana mega za kufungua ukurasa, kisha anapata sauti ya WhatsApp ya mtu asiyemjua inayomtafsiria vibaya. Redio Okapi inasema Kiswahili tangu 2002, na redio za kijijini kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema lugha haitoshi. Gesi nzito inayojaa mabondeni magharibi mwa Goma na kuua mbuzi na watoto waliolala chini inaitwa mazuku, na wanasayansi wa Ulaya na Amerika wanaandika mazuku hivyohivyo katika vitabu vyao, bila kutafsiri. Waliolipata neno hilo kwanza ni wachungaji na wakulima waliokuwa wanaonyana.

Sheria ipo pia. Katiba, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na sheria ya mazingira ya mwezi wa saba 2011 inampa raia haki ya kupata habari kuhusu mazingira yake. Mwandishi anaweza kuingia ofisini na kuuliza ramani ya sehemu zilizokatazwa kujengwa Kalehe. Akinyimwa, kunyimwa huko ni habari, na inaweza kuchapishwa jioni ileile, kwa mafungu sita, bila pikipiki ya kulipia.

Mvua kubwa za Kivu huanza kurudi mwezi wa tisa. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa tano ni miezi minane au tisa ambayo mito ya Kalehe itapanda na kushuka mara nyingi. Kijijini wazee wanajua mto upi hugeuka rangi kabla ya kuja, na ni saa ngapi kutoka mawingu kuziba juu mpaka maji kufika sokoni. Wengi wa waliokuwa wanajua hivyo Nyamukubi hawapo. Waliobaki wana namba za simu, na soko la Alhamisi lina watu wake.